Kwa Nini Tunamlaumu Mwenye Filimbi Peke Yake

Leo naomba ruhusa niziweke kando Katiba, bajeti na tozo, nizungumze habari za mpira. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtu wa Butiama kwa kuzaliwa, mtu wa Musoma kwa kusoma sekondari, na shabiki wa Biashara United Mara kwa ugonjwa ambao bado haujapatiwa tiba. Wanaonisoma kwa ajili ya siasa wasikimbie. Sidhani kama nitafika mbali kabla siasa haijanikuta njiani.

Kuelekea mwisho wa msimu wa 2021/22 nilikuwa likizo nyumbani. Timu yetu ilikuwa mkiani mwa Ligi Kuu, katika zile wiki ambazo mtu mzima mwenye familia hujikuta akifanya hesabu za pointi usiku wa manane: fulani akifungwa, fulani akitoka sare, sisi tukishinda. Siku ya mchezo nilitoka Butiama asubuhi, nikapita Makutano, nikafika Musoma mjini mapema kiasi cha kula sato pale Mwigobero kabla ya kupanda kwenda Uwanja wa Karume. Upande wa kivuli ulikuwa umejaa. Nikakaa upande ambao jua la alasiri humpiga mtu usoni.

Dakika zikiwa zimebaki chache, mpira ulipigwa ukamgonga beki wa wageni ndani ya eneo la hatari. Uwanja mzima ukainuka kudai penalti. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee. Nami, daktari wa falsafa, mtu anayelipwa na walipa kodi kuwafundisha vijana kwamba ushahidi hutangulia hukumu, nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele: mwizi! Sikupiga mara moja. Nilirudia mpaka sauti ikakauka.

Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana niliyemfundisha miaka kadhaa nyuma, sasa ni ofisa katika halmashauri moja mkoani humo. Alisubiri nikae, akaniuliza kwa adabu kabisa: “Mwalimu, huo mkono umeuona?”

Sikuwa nimeuona. Nilichoona ni mpira ukibadili njia, na watu walio mbele yangu wakiinuka. Jua lilikuwa machoni. Hata kama ningeona mpira umegusa mkono, bado nisingekuwa na haki ya kusema mengi, maana sheria ya 12 haisemi kwamba kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Inamtaka mwamuzi apime kama mchezaji amekusudia, au kama ameufanya mwili wake kuwa mkubwa kuliko inavyostahili kwa namna alivyoweka mkono. Apime hayo akiwa anakimbia, amezungukwa na watu ishirini na wawili wanaomdanganya kwa zamu, asiwe na marudio ya picha, na awe na nukta moja tu ya kufikiri. Mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu ya wizi kabla yeye hajashusha mikono.

Msimu ulipokwisha tulishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Na katika vijiwe vyote nilivyopita, kuanzia Nyasho hadi stendi ya Bunda, maelezo yalikuwa ni yale yale: waamuzi wametushusha.

Nataka tuyapime maelezo hayo.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, msimu wa 2020/21, Biashara United ilimaliza ya nne. Kwa kuwa Simba ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Tanzania ilipata nafasi nne za kimataifa badala ya mbili, na timu ya Musoma ikajikuta katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Ikakutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, na mwezi Oktoba 2021 ikaifunga 2–0 jijini Dar es Salaam. Nakumbuka nilivyotembea kifua mbele chuoni wiki ile, nikiwaambia wenzangu wa Kariakoo na Magomeni kwamba mpira wa nchi hii umehamia kandokando ya Ziwa. Kisha mchezo wa marudiano ukafika, na timu yetu haikufika Libya. Mambo ya safari hayakukamilika kwa wakati. Tukatolewa mashindanoni tukiwa tunaongoza kwa mabao mawili.

Katika mchezo ule wa Libya hapakuwa na mwamuzi wa kumlaumu. Hapakuwa na kibendera kilichoinuliwa kimakosa wala kadi ya uonevu. Palikuwa na maamuzi yaliyofanywa, au yaliyoachwa kufanywa, katika vyumba ambavyo mimi na wewe hatuingii. Hakuna aliyesimama juu ya benchi akapiga kelele kuyahusu, kwa sababu hakuna aliyeyaona yakifanywa.

Naamini timu ilianza kushuka siku ile, ingawa siwezi kulithibitisha hilo kama ninavyothibitisha hoja darasani. Ninachoweza kusema ni jinsi klabu ndogo zinavyoendeshwa. Ikifanya vizuri msimu mmoja, wachezaji wake bora huchukuliwa na wenye fedha, na wale wanaokuja kuziba mapengo husajiliwa kwa haraka, wengi wao kwa mikataba mifupi. Dirisha dogo la usajili linapofunguliwa katikati ya msimu, uongozi wenye hofu hununua majina badala ya kununua miguu. Mwezi wa tano unapofika, kocha anatazama benchi lake na kuona wazee wawili waliokuwa nyota mahali pengine, na kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Bweri ambaye hajapewa hata dakika tisini tangu msimu uanze. Amwanzishe nani? Akimwanzisha mzee akaishiwa pumzi, tutasema amepitwa na wakati. Akimwanzisha kijana akakosa bao, tutasema amemtoa kafara. Mimi nilikuwa upande wa kijana, na bado niko upande huo. Timu inayokaribia kuzama isiwe ndipo mahali pa kwanza pa kumjaribu mtoto. Alipaswa kuchezeshwa mwezi wa kumi, kosa lilipokuwa bado la bei nafuu. Lakini mwezi wa kumi hatukuwa tukiulizana habari za kikosi. Tulikuwa tukishangilia.

Liko pia jambo jingine la vikosi ambalo watu hulipita haraka. Katika raundi za mwisho, timu ambayo haina cha kupata wala cha kupoteza hupumzisha wachezaji wake wa kawaida na kuwapanga wa akiba. Ni haki yake. Lakini anayekutana na kikosi hicho cha akiba anaokota pointi tatu ambazo mpinzani wake wa mkiani, aliyekutana na timu hiyo hiyo mwezi wa pili ikiwa kamili, hakuzipata. Hapo pana dhuluma isiyo na mdhulumu. Dunia ilijifunza somo linalokaribiana na hilo mwaka 1982 pale Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria zilipocheza zikiwa zinajua matokeo yanayozifaa zote mbili, Algeria ikatolewa bila kuwapo uwanjani. Ndiyo maana leo michezo ya mwisho huanza kwa wakati mmoja, nasi tunakaa Karume na redio sikioni. Ona jinsi suluhisho lile lilivyokuwa la busara: hawakuhubiri uadilifu, walibadili ratiba.

Sasa nirudi kwa mwenye filimbi, maana sitaki nionekane namtetea kwa kila hali. Waamuzi wetu hukosea, na wakati mwingine hukosea mno. Nimeona mabao halali yakikataliwa kwa madai ya kuotea ilhali mfungaji yuko nyuma ya mpira. Tunazo taratibu: Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile tuliyozoea kuiita Kamati ya Saa 72, hupitia taarifa za michezo na kutoa adhabu. Tunasoma taarifa yake kwamba mwamuzi amefungiwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Ni jambo jema kwamba inatangazwa. Lakini mara nyingi ni mstari mmoja au miwili. Haituambii alipaswa kusimama wapi, alikosa kuona nini, sheria inasemaje juu ya tukio lile, na mwamuzi mwenyewe alieleza nini. Shabiki hupata adhabu bila somo. Na mwamuzi mwenzake anayesoma taarifa ile akiwa Shinyanga au Songea hujifunza kitu kimoja tu: ukikiri, umekwisha.

Tulifika mahali msimu wa 2024/25 ambapo kutoaminiana kulikuwa wazi kwa taifa zima. Mechi ya Yanga na Simba ya tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa. Simba walitangaza kwamba hawatacheza, wakisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga nao wakasema hawautambui uahirishaji huo. Ilichukua hadi 25 Juni, mchezo ukiwa sasa ndio wa kuamua bingwa, na mwenye filimbi akaletwa kutoka Misri. Yanga wakashinda 2–0. Sina neno na mwamuzi yule. Lakini waamuzi wetu wenye beji ya FIFA huitwa na CAF kuchezesha michezo mikubwa katika nchi za watu. Wanaaminiwa huko, halafu kwao, kwa mchezo mkubwa kuliko yote, hawaaminiki. Na sababu zote za mgogoro ule, uliotuchukua zaidi ya miezi mitatu, zilikuwa za ofisini: nani alitoa ruhusa ya mazoezi, nani aliizuia, kanuni ipi ilitumika. Tulimleta mgeni kwa ajili ya dakika tisini, wakati penye ugonjwa palikuwa nje ya uwanja.

Butiama tunajua mchezo usiohitaji mwamuzi. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na wazee wa kwetu bado hulicheza. Katika bao kila kete iko wazi. Ukidanganya katika kuhesabu, watazamaji wanaguna kabla hujamaliza kutawanya. Sidai kwamba mpira wa miguu uendeshwe kama bao. Nasema tu kwamba watu wale hawakuwa malaika; walikuwa wanaonana.

Ninaye mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayechezesha ligi ya wilaya kule Bunda. Kazi yake ni kuendesha bodaboda. Uamuzi ni mapenzi. Alihudhuria kozi, akafaulu, akanunua filimbi na kadi kwa fedha zake. Msimu uliopita walimpangia mchezo wa mwisho kati ya timu za kata mbili zinazochukiana kwa sababu ambazo hata wazee wamezisahau. Katika dakika za lala salama alikataa bao kwa kuotea. Kilichofuata ni mawe. Alikimbia akiwa na filimbi mdomoni, akaingia kwenye nyumba ya mashine ya kusaga, mwenye mashine akamfungia ndani. Alitoka saa mbili usiku akiwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, na watoto wakadhani wameona mzimu. Posho aliyopewa siku ile haikutosha kufulia jezi.

Familia nzima tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wengine, mpaka aliponifuata nje ya nyumba tulipobaki wawili.

“Kaka,” akasema, “lile bao lilikuwa halali.”

Alikuwa ameyarudia mawazoni usiku ule ndani ya mashine. Mfungaji alikuwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, na aliye sambamba hajaotea. Mshika kibendera wake, kijana aliyeokotwa asubuhi ile kwa kuwa aliyepangwa hakufika, alikuwa amechelewa hatua tatu, naye akamfuata. Nikamuuliza kwa nini hajawaambia wahusika. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

“Ningemwambia nani, kaka? Nikiandika kwenye ripoti, nafungiwa. Nikiwaambia wenyewe, wanapata uhakika wa kuniua. Nikinyamaza, mwakani wanasahau.”

Nimezunguka na maneno hayo kwa miezi. Sheria za mpira zinasema uamuzi wa mwamuzi kuhusu mambo ya mchezo ni wa mwisho, na ni sawa, maana bila mwisho hakuna mchezo. Mchezo ukishaanzishwa upya hawezi hata kuurudisha uamuzi wake. Lakini wa mwisho si sawa na wa kweli, na sisi tumeyafanya maneno hayo mawili kuwa moja. Kwa hiyo aliyekosea hana pa kusimama. Hana fomu ya kujaza, hana kikao cha kuingia, hana maneno ya kutumia. Anabaki na njia mbili, ubishi au ukimya, na zote mbili kwa mbali zinafanana na wizi.

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamivu, mwenzangu mmoja kutoka Marekani alinisimulia kisa cha besiboli, mchezo ambao mpaka leo siuelewi vizuri. Tarehe 2 Juni 2010, jijini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji ishirini na sita mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Wa ishirini na saba akitolewa, jina lake linaingia katika orodha fupi mno ya historia. Akatolewa, kila mtu akaona, lakini mwamuzi Jim Joyce akatamka kwamba amefika salama. Mchezo ulipokwisha Joyce alitazama picha, akatoka mbele ya waandishi, akasema amekosea na kwamba amemnyang'anya kijana yule alichostahili. Kesho yake alipangwa tena uwanjani, na Galarraga mwenyewe ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya kikosi. Joyce alifuta machozi mbele ya watu. Matokeo hayakubadilishwa. Wakuu wa ligi walikataa. Lakini mwaka 2014 ligi hiyo ilipanua sana matumizi ya picha za marudio, na Joyce hakupoteza kazi.

Najua jibu la wengi: hao ni Wamarekani, wana mishahara na walinzi. Ni kweli. Mdogo wangu hana walinzi, ana mashine ya kusaga. Na ndiyo maana nisingependa tuanze na VAR, ingawa naitaka. Tuanze na ripoti ya mwamuzi yenye nafasi ya kueleza alichokikosea, isiyogeuzwa kuwa hati ya kumfungia. Adhabu kali ibaki kwa aliyepokea fedha, na kwa anayerudia kosa lile lile baada ya kufundishwa. Tuanze na taarifa ya kamati yenye kurasa mbili badala ya mistari miwili. Tuanze pia na viongozi wa klabu kueleza hadharani, kila mwisho wa msimu, nani alisajiliwa kwa sababu gani na akacheza dakika ngapi. Biashara ilipofika hatua ya mchujo mwaka 2024 ikashindwa na Tabora United kurudi Ligi Kuu, nilisikia tena wimbo ule ule wa waamuzi, na sikusikia hata kiongozi mmoja akisema: hapa tulikosea sisi.

Hapa ndipo ningeweza kuishia, nikiwa mwalimu anayewanyooshea wengine kidole. Lakini mdogo wangu aliponiambia habari ya lile bao, kuna jambo langu lilianza kuniuma, na nimeona ni unafiki kuandika yote haya bila kulisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mwanafunzi alama za kufeli katika somo langu. Alikata rufaa. Nikautoa mtihani wake, nikajumlisha tena alama zilizokuwa juu ya jalada, zikawa zile zile. Nikaandika neno moja la jibu na sahihi yangu: hakuna mabadiliko. Akarudia mwaka. Baadaye, nilipokuwa nahama ofisi, nikaangusha rundo la karatasi nyuma ya kabati na kukuta kitabu cha pili cha majibu chenye namba yake, kimekatika uzi. Nilikisahihisha nikiwa nimesimama. Alikuwa amefaulu vizuri. Nikaandika kwa wahusika, kumbukumbu zikarekebishwa kimyakimya, nami nikajiambia kwamba jambo limekwisha. Sikumtafuta. Nilijua yuko wapi, maana ni mtu wa mkoani kwetu na sasa ni mtumishi wa umma huko huko, lakini sikumtafuta. Nilikuwa na wadhifa wa kulinda, na uamuzi wa bodi ulikuwa wa mwisho.

Mwezi uliopita nilimpigia simu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikayasema vibaya. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nilijua nimeandika vitabu viwili. Nilimwambia kila mtu. Mama alidhani naficha uvivu, akauza ng'ombe wa pili kulipa ada ya mwaka ule.”

Nilimwomba radhi. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala mimi sikumwuliza. Aliniomba kitu kimoja: nimwandikie barua, ya karatasi, yenye sahihi yangu, ieleze kilichotokea kwa Kiswahili chepesi, ampelekee mama yake Bunda. Nimeiandika. Ina ukurasa mmoja na nusu. Jumamosi nitaipeleka mwenyewe.